Mishono ya Buluu

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa karakana yetu asubuhi ile alikuwa na uso wa Pindo, na Pindo alikuwa kaburini kwa miezi sita.

Cherehani zote zilinyamaza. Hakuna aliyetoa amri, miguu tu iliacha kukanyaga. Mgeni alikuwa na paji lile lile pana, na alisimama kama Pindo alivyozoea kusimama, bega moja limeegemea fremu ya mlango. Redio, fundi wa kola tuliyempa jina hilo kwa sababu hazimiki, siku hiyo alizimika. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hodi," alisema mgeni. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba na ya haraka, na hiyo ndiyo iliyoturudishia pumzi. "Samahani, mama zangu. Mimi ni mdogo wake marehemu. Yule aliyekuwa akishona mapindo hapa."

Mama Rula, mwenye karakana, aliweka chini rula yake ya mbao, jambo ambalo hufanya mara chache, akamsogezea kiti. Mgeni alitueleza kwamba yeye ni msusi, alikuwa akiishi mji mwingine, na habari ya msiba ilimfikia wiki moja baada ya mazishi. Sasa amehamia karibu na hapa na mume wake. Tulimpa pole, akaipokea. Kisha, bila kuzungukazunguka, akasema amekuja kuangalia kalenda.

Hapo inabidi nieleze kalenda yenyewe.

Sisi hushona sare: makoti ya wauguzi, aproni za wapishi, majoho ya wanakwaya. Kazi inayochosha si kushona. Ni majora ya kitambaa yanayobebwa begani kutoka stoo, na pasi kubwa ya mvuke ambayo mtu huisimamia kutwa. Zamani, kabla sijaajiriwa, fundi mmoja alizimia mbele ya pasi ile akiwa siku ya pili ya hedhi, akaungua mkono. Tangu hapo Mama Rula aliweka utaratibu. Ukutani pana kalenda kubwa, karatasi moja kwa kila mwezi. Kila fundi ana rangi yake ya uzi. Siku hedhi yako inapoanza, unachukua sindano, unapiga mshono mmoja juu ya tarehe, unafunga fundo kwa nyuma. Huombi ruhusa, huelezi kitu. Kwa siku tatu hubebi jora wala husogelei pasi, na tumbo likikuzidi unaruhusiwa kwenda nyumbani. Uzi wa Redio ni mwekundu. Wangu ni wa kijani. Wa Pindo ulikuwa buluu. Anayejiunga nasi huahidi kitu kimoja tu, kwamba hatapiga mshono wa uongo.

Pindo alifariki mwezi wa tatu. Tarehe mosi ya mwezi wa nne Mama Rula alifunua karatasi mpya, na juu ya tarehe kumi na mbili palikuwa na mshono wa buluu.

Tulidhani macho yanatudanganya. Mwezi wa tano ukaja, na buluu ilikuwa tarehe kumi. Mwezi wa sita, tarehe saba. Mwezi wa nane ilikuwepo mara mbili, tarehe mbili na tarehe thelathini, kama mwanamke yeyote mwenye siku zinazohesabika. Redio alikuwa akinong'ona kwamba Pindo hajakubali kuondoka, kwamba bado anaingia mwezini, kwamba anayekufa bila mtoto huhangaika hivyo. Mama Rula alimwambia afunge mdomo, lakini na yeye hakuthubutu kuifumua ile mishono. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukimwangalia akishika kona ya karatasi, na hakuna aliyekuwa akipumua mpaka ifunuliwe.

Mimi ndiye niliyerithi cherehani ya Pindo. Kanyagio lake lina mlio wake, kama mtu anayeguna akikataa jambo. Kwenye droo niliikuta harufu ya peremende za mnanaa alizokuwa akizitafuna kutwa, na gauni dogo jeupe la mtoto mchanga, limekunjwa mara nne. Wenzangu waliogopa mishono ile kwa kuwa hawakujua imetoka wapi. Mimi niliiogopa kwa kuwa nilijua.

Alinieleza mwenyewe, hospitalini, wiki moja kabla ya kuaga dunia. Macho yake yalikuwa na umanjano wa ini lililochoka. Alikuwa ameitafuta mimba miaka tisa, na miaka mitano kati ya hiyo alikuwa akinywa, kwanza Ijumaa jioni, kisha kila jioni, kisha kwenye chupa ya chai hapa hapa kazini. Siku zake zikaanza kuyumba. Kuna wakati buluu ilikosekana kwenye kalenda miezi mitatu mfululizo. Sasa fikiria chumba cha wanawake wanaosoma kalenda ile kila siku. Waliona uzi haupo, wakatazamana, wakatabasamu, wakaanza kushona kwa siri. Gauni lile jeupe lilitoka kwenye vipande vya makoti ya wauguzi. Walimkabidhi wakati wa chai, huku Redio akipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

"Ningewaambiaje?" aliniuliza Pindo kitandani. "Kwamba tumboni hamna mtoto, kuna pombe? Na mimi mwenyewe kwa siku chache niliamini."

Baada ya miezi hiyo mitatu damu ilikuja nzito, ya mabonge, akaenda nyumbani akiwa amejifunga kanga mbili. Wakahesabu kwamba mimba imetoka. Walikuja kumlilia nyumbani kwake, wakaketi sebuleni siku nzima, wakimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Aliniambia kwamba baada ya siku ile hakuona aibu ya kunywa tena. Aibu iliyombakia ilikuwa ya machozi ya wenzake. Akaapa kwamba uzi wake hautakosekana tena ukutani. Tangu hapo alipiga mshono kila baada ya siku ishirini na nane, huku mwili wake ukienda njia yake, na jioni ya mwisho kabla ya kulazwa alibaki nyuma akaushona mwaka uliobaki, mwezi wa tatu mpaka wa kumi na mbili.

"Niahidi hutawaambia wale kule kazini," alisema. "Hata nikishaondoka. Wasijue walilia bure."

Nilimwahidi. Nilikuwa na sababu yangu pia ya kunyamaza. Pindo ndiye aliyenimiminia kikombe changu cha kwanza, Ijumaa moja, kwa upendo kabisa, akisema mdogo wangu unajichosha mno. Baada ya msiba nilianza kunywa hata siku ambazo si Ijumaa, ili nilale bila kusikia kanyagio. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimeona damu, na mimba haikuwezekana, kwa kuwa mchumba wangu alikuwa kazini mbali tangu mwaka jana. Nilikuwa napiga mshono wa kijani siku moja baada ya wa buluu, kila mwezi. Ilikuwa rahisi. Marehemu alikuwa akinionyesha pa kudunga sindano.

Basi ndiyo kalenda aliyotaka kuiona mgeni wetu.

Alieleza kwamba yeye na mumewe wana miaka miwili wanatafuta mtoto. Siku zake zinaruka mwezi, zinachelewa, zikija zinamlaza. Muuguzi wa kliniki alimuuliza kama mama yake au dada yake walikuwa hivyo, na alimuuliza pia kama anakunywa. Alijibu kwamba anakunywa kidogo. Muuguzi alimwambia kwamba pombe inaweza kuvuruga homoni za mwanamke, na kwamba kabla ya dawa yoyote wangependa aache kwa muda na apimwe. Hilo lilimuudhi. Dada yake alikuwa mnywaji kumzidi, akasema, hilo tunalijua wote, tusidanganyane. Na dada yake alimwandikia wakati fulani kuhusu chumba ambamo siku za wanawake zimeshonwa ukutani.

Mafundi waliinamisha vichwa. Kumbe wote walijua peremende za mnanaa zilificha harufu gani. Hawakujua tu kilichokuwa kikiendelea nyuma yake.

Mama Rula alitoa kabatini karatasi za miaka ya mwisho ya Pindo, akaziweka mezani kwa heshima kama mtu anayetoa nguo za marehemu. Msusi alihesabu kwa kidole. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Nilimwona uso ukimfunguka, mstari kwa mstari, na kila mstari uliofunguka ulinichoma.

"Kama saa," alisema. "Anakunywa hivyo, na siku zake kama saa. Basi si pombe. Nilijua tu."

Alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema kliniki ilimpangia Alhamisi ijayo, lakini hana haja ya kwenda kusimangwa, na kwamba leo Ijumaa atamkumbuka dada yake kwa glasi moja. Mama Rula alimpa karatasi ya mwezi wa tatu aende nayo iwe ukumbusho, mwezi wa mwisho wa dada yake. Akaagana nasi mmoja mmoja. Mkono wake ulipoushika wangu ulikuwa baridi na wenye mafuta ya nywele.

Nilirudi kwenye cherehani. Nilikanyaga, na kanyagio likaguna. Nikakanyaga tena, likaguna. Nilitazama buluu ya tarehe ishirini na saba ukutani, siku ambayo ilikuwa bado haijafika, na nikaona wazi kwamba Pindo hatutembelei kabisa. Kilichokuwa kikitembea miongoni mwetu ni uongo wake, na sasa umemshika mdogo wake mkono, unatoka naye nje.

Niliomba kwenda msalani, nikatoka mbio.

Nilimkuta kwenye ngazi za duka la vifungo, anaikunja ile karatasi. Nilimuuliza dada yake alilazwa tarehe ngapi. Alishangaa, akajibu kwamba shemeji yake alimwambia ni tarehe tisa ya mwezi wa tatu, na hakutoka tena. Nikamwomba akunjue karatasi.

Mshono wa buluu ulikuwa juu ya tarehe kumi na tano.

Aliutazama muda mrefu. Aliligusa fundo kwa nyuma. Nilimweleza yote, gauni na vigelegele na sebule iliyojaa waombolezaji. Alinyanyua mkono, nikadhani atanipiga.

"Unamsingizia maiti," alisema. "Maiti hawezi kukujibu."

"Alinijibu akiwa hai. Na karatasi unayo wewe."

Aliketi kwenye ngazi. Watu walipita, mmoja akatuomba njia, tukasogea. Kisha aliuliza, bila kuniangalia, "Yule wa kijani ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wa kijani ni wa kweli?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. "Tangu mwezi wa tano, hapana."

Ndipo akaniangalia. Hakuna hukumu niliyoiona, ila uchovu tu, na uso ule ambao nilikuwa nimeshauzika mara moja. Alisema kule kliniki hawezi kurudi peke yake, kwamba muuguzi yule anauliza maswali kama anayefungua vifungo. Nikamwambia tutakwenda wote. Alhamisi, saa mbili asubuhi. Na mpaka siku hiyo hakuna hata tone, yeye wala mimi.

"Ahadi za wanaokunywa," alisema.

"Ya kwangu ni ndogo," nilisema. "Ni siku sita tu."

Siku ya pili mikono ilitaka kikombe, nikaipa maji. Usingizi ulikuwa mwembamba kama kitambaa cha bitana. Jumanne nilijichoma na sindano mara tatu. Lakini taabu kubwa ilikuwa nyingine. Alhamisi hiyo hiyo ndiyo mteja wetu mkubwa angekuja kuchukua makoti mia mbili, na Mama Rula alishatangaza kwamba siku hiyo ataniweka kuwa mkuu wa meza ya mapindo, mbele ya mteja. Hakuna ruhusa kwa yeyote, alisema, labda mwenye mshono.

Labda mwenye mshono. Jumatano jioni, wenzangu wakivaa viatu vya kutokea, nilisimama mbele ya kalenda na sindano yenye uzi wa kijani mkononi. Mshono mmoja juu ya tarehe ya kesho. Asubuhi ningeshika tumbo, wangenionea huruma, ningekwenda kliniki na cheo changu kingenisubiri. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Kando ya kidole changu ile buluu ilikuwa imetulia mahali pake, safi, sawasawa, nzuri kabisa kuitazama.

Nilichukua mkasi badala yake. Nilianza na karatasi ya mwezi wa tisa, nikarudi nyuma mpaka wa tano, nikikata mishono ya kijani mmoja mmoja. Wenzangu waliacha viatu.

"Hii ilikuwa ya uongo," nilisema. "Sina hedhi tangu mwezi wa tano. Nakunywa, mama. Nimeacha siku tano. Kesho saa mbili nakwenda kupimwa, na nimeahidi mtu kwamba nitakuwepo."

Mama Rula alinitazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Hakupaza sauti. Aliuliza ni nani mwingine aliyepiga mshono wa uongo, nami nikasema najibia wangu tu. Ndipo Redio akaigeukia kalenda, kisha akanigeukia mimi, na nikaona wazo likimwingia.

"Kumbe buluu ni wewe," alisema. "Miezi sita unatuchezea na marehemu. Mimi silali. Nawasha taa kwenda chooni kama mtoto, kumbe ni wewe na sindano yako."

Wote walingoja. Neno moja tu lingenitoa pale. Ni Pindo mwenyewe, ningesema. Fungueni macho, hata ile mimba haikuwepo. Nililifikiria gauni jeupe kwenye droo, na Redio mwenyewe aliyelitia lesi kwa mkono, ambaye wiki nzima ya msiba ule wa kwanza alipika kwa Pindo na kumlisha. Bado huwa anaitaja ile mimba kwa upole, kama mtu anayetaja mtoto wa jirani. Pindo aliomba kitu kimoja.

"Jibu, mwanangu," alisema Mama Rula.

Sikujibu. Aliokota rula yake. Alisema meza ya mapindo ataisimamia mwingine, na kwamba mpaka atakaponiambia vinginevyo sina rangi ukutani. Nitabeba majora siku zote, kama wanavyobeba wasio na uzi. Redio alitoka bila kuniaga. Mama Rula, wa mwisho, alisimama mlangoni na funguo mkononi, na bila kugeuka akaniuliza kama hiyo kliniki huwa inapokea hata wazee. Nikasema inapokea. Akazima taa.

Asubuhi nilifika saa mbili kasoro robo. Benchi lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya miaka. Saa mbili ilifika, ikapita. Niliutazama mlango mpaka fremu ikaanza kucheza machoni. Saa mbili na dakika ishirini bega likaegemea pale, na safari hii sikushtuka.

"Nilifika hapo nje mapema," alisema msusi, akiketi. "Miguu ikagoma."

"Siku sita?"

"Siku sita. Mume wangu ameimwaga chupa kwenye maua, maua yamekufa." Alitabasamu kidogo. "Kwa nini hauko kazini? Ulisema leo kuna mteja."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hata lile la Redio. "Na ulimwacha aamini hivyo?"

"Nilimwahidi dada yako."

Aliushika mkono wangu, akaushikilia.

Muuguzi alituita pamoja kwa kuwa tuliomba. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe, na nililitambua pindo lake kabla sijautambua uso wake: mishono midogo, iliyonyooka, ya mkono wa Pindo. Alituambia kwa lugha ya kawaida kwamba ubongo hutuma ujumbe kwenye mayai kila mwezi, na pombe inaweza kuuvuruga ujumbe huo njiani, hata yai lisipevuke. Ini nalo ndilo husaidia kuondoa homoni zilizokwisha kazi. Likilemewa, hizo homoni hubaki damuni kupita kiasi. Ndiyo maana siku zinaweza kuruka, au kuja kwa fujo. Alisema inaweza pia kuwa sababu nyingine kabisa, ndiyo maana kuna vipimo. Alisema anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, aje kwanza asaidiwe. Na alisema, akimtazama msusi kisha mimi, kwamba wengi wakiacha, mwili hukumbuka.

Kisha akavuta fomu. Alianza na mimi.

"Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho?"

Juu ya meza yake palikuwa na kalenda ndogo, haina mshono hata mmoja. Tarehe zote zilikuwa wazi, tayari kupokea chochote nitakachosema. Msusi alikuwa ameushika mkono wangu bado.

"Sijui tarehe," nilisema. "Ilikuwa mwezi wa nne. Baada ya hapo, hakuna."

Aliandika hivyo hivyo.